Visanduku Vitupu vya Bi Jaza

Kabla udongo haujachukua sehemu yake, familia inaomba muda wa kumweleza mtu tunayemsindikiza leo. Nyumbani alikuwa Mama. Kwa wadogo zake alikuwa Dada, na hakuna aliyethubutu kumwita vingine hata baada ya wote kuota mvi. Chuoni, kuanzia kwa makamu mkuu hadi kwa mlinzi wa lango la nyuma, alikuwa Bi Jaza, kwa sababu neno lililomtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu lilikuwa hilo moja: "Jazeni."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1961 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa karani wa tiketi. Mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani, mguu kwenye pedali na pini mdomoni. Mama huyo alikuwa na tabia iliyojulikana mtaa mzima: alishona gauni hadi likakaribia kukamilika, akabakiza kifungo cha mwisho, akakifunga kwenye kipande cha kitambaa pamoja na uzi wake, akampa mwenye gauni akamalizie mwenyewe. Wateja waliona hiyo ni busara kubwa. Marehemu alipokuwa mdogo alimwuliza mama yake maana ya jambo hilo, naye akajibiwa, "Maana yake nimechoka, mwanangu." Kisa hicho alikisimulia kila mwaka katika kipindi cha kwanza cha muhula, na kila mwaka wanafunzi walicheka wakidhani ni utani.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akitembea kando ya reli pamoja na kaka yake mkubwa. Alikuwa mwanafunzi msumbufu kwa namna ya kimya. Hakunakili kitu chochote ubaoni kabla ya kukielewa, na kwa kuwa walimu walifuta ubao haraka, madaftari yake yalijaa mapengo meupe. Kaka yake alimcheka: "Wewe, daftari lako limeliwa na panya." Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Panya wamekula nisichokijua tu. Lako wameliacha zima, lakini hebu niambie limeandikwa nini." Walipigana hadi nyumbani. Alimaliza sekondari mwaka 1980, akajiunga na chuo kikuu mwaka uliofuata kusoma hisabati, na kuhitimu mwaka 1984. Alifundisha sekondari kwa muda, kisha mwaka 1988 akapata ufadhili wa kusomea sayansi ya kompyuta ng'ambo. Alirudi mwaka 1990 na sanduku la vitabu, koti zito ambalo hakulivaa tena, na lugha ya tatu aliyoitumia kugombana na kompyuta tu.

Alifunga ndoa tarehe 13 Desemba 1986 na mpima ardhi, ambaye leo ameketi mstari wa mbele. Walikutana shuleni alikokuwa akifundisha, bwana huyo alipokuja kupima mipaka ya uwanja. Alimwonyesha mwalimu wa hisabati ramani yake, na mwalimu akaweka kidole kwenye sehemu iliyoachwa nyeupe.

"Na hapa pana nini?"

"Hapo sijui. Mvua ilinizuia, sijapima bado."

"Umefanya vizuri kutobuni," alisema, na kuanzia siku hiyo akawa na sababu za kupita uwanjani. Mume wake huwaambia watu hadi leo kwamba yeye ni mwanamume pekee aliyependwa kwa sababu ya asichokijua. Wifi yake, alipoletewa habari za uchumba, alisema tu, "Basi mmepatana, maana kaka yangu hana uhaba wa vitu asivyovijua." Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume anayefanya kazi ya kutengeneza lifti, na anayesema hupanda na kushuka siku nzima bila kufika popote.

Mwaka 1991 marehemu aliajiriwa chuo kikuu, Idara ya Kompyuta, na huko ndiko alikotumia umri wake. Tuseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe asingependa tuupake rangi: miaka mingi ya kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha. Alifundisha somo la msingi la kuandika programu, lile ambalo wahadhiri wengine walilikwepa. Ukumbi ulijengwa kwa wanafunzi wachache, wakaingizwa wengi. Waliokosa viti walikaa kwenye ngazi, na waliokosa ngazi waliegemea ukuta. Alifundisha kwa chaki hadi vumbi likamkaa kifuani. Chaki ikaondolewa, ikaletwa projekta na slaidi, na watu wakamwambia sasa amepumzika.

Hakupumzika. Alisema slaidi zilimchosha kuliko chaki, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimekwisha kuandikwa na hakuna aliyebaki na kazi, si yeye wala wanafunzi. Alasiri moja yenye joto aliisoma slaidi nzima kwa sauti, akabonyeza ili aendelee, na kumbe kidole hakikubonyeza vizuri, akaisoma ileile tena toka juu hadi chini. Hakuna mtu ukumbini aliyegundua. Wanafunzi waliiandika mara mbili. Aligundua mwenyewe akiwa kwenye basi la kwenda nyumbani, akakaa na mkoba mapajani akitazama kisogo cha abiria wa mbele yake, akapitiliza kituo chake. Mumewe alipomwona akiingia kwa mguu kutoka upande usiozoeleka alimwuliza kulikoni. "Leo nimefundisha ukuta," alisema, akavua viatu.

Mwaka 2011 aligundua kwamba kwenye kabati la maabara kulikuwa na vishikwambi, au tableti kama wengi tunavyoviita, vilivyoachwa na mradi uliokwisha. Vilikuwa bado na plastiki kwenye vioo. Alimwendea fundi wa maabara, aliyekuwa na funguo, na mazungumzo yao fundi ameyasimulia hapa msibani mara nyingi.

"Fundi, hivi vimewekwa hapa vifanye nini?"

"Visiibiwe, Mama."

"Na vikitumika?"

"Hapo ndipo vitaharibika, nami nitaandika maelezo."

"Utaandika maelezo, nami nitatia sahihi. Fungua."

Ndivyo visanduku vilivyoanza. Marehemu aliandaa slaidi zake na katikati ya kila moja, mahali ambapo wahadhiri wengine huweka jibu, akaacha kisanduku kitupu. Wanafunzi wawili watatu walishirikiana kishikwambi kimoja. Slaidi ileile iliyokuwa ukutani ilikuwa mikononi mwao. Walichora au kuandika ndani ya kisanduku kwa kalamu ya plastiki, wakabonyeza neno "tuma", na majibu yote yakamjia yeye mbele kama picha ndogondogo zilizopangwa kwa safu. Alichagua chache na kuzitupa ukutani, kubwa kama mlango, zisizo na jina la mtu. Kisha aliuliza swali lake la siku zote: "Mwenzenu huyu amefikiri nini?" Hakuuliza amekosea wapi. Aliyetaka kujitaja aliinua mkono; asiyetaka alikaa kimya, na hakuna aliyeruhusiwa kumnyooshea kidole.

Siku ya kwanza mtu alimchora ng'ombe amelala. Bi Jaza akamweka ng'ombe ukutani, ukumbi mzima ukavunjika mbavu, naye akasubiri waishiwe. "Ng'ombe mzuri," alisema. "Inaonekana amefundishwa kwa slaidi. Haya, jazeni." Hakuonekana ng'ombe mwingine muhula ule.

Msidhani ilikuwa raha. Mtandao ulikatika darasa likinoga. Kila asubuhi ya kipindi yeye na fundi walivisukuma vishikwambi kwenye kitoroli chenye gurudumu bovu, na mlio wake ulijulikana jengo zima. Betri zilichoka, vioo vilipasuka, kalamu zilipotea. Wenzake walimwambia anajitafutia kazi ambayo haimo kwenye mkataba. Alikuwa akirudi nyumbani amechoka hadi kuongea kunamshinda, anakaa jikoni huku mumewe anamenya viazi, na baada ya muda mrefu anasema jambo moja tu, kama vile, "Leo kuna mmoja amekosea vizuri sana." Hapo mumewe alijua siku ilikuwa njema.

Kulikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote, nalo tunaomba mlivumilie kidogo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Kwenye kompyuta vitu hupangwa wakati mwingine kama mnyororo: kisanduku, na mshale unaoelekea kisanduku kinachofuata, na mshale mwingine, hadi mwisho. Kila kimoja kinajua tu kilicho mbele yake. Sasa ukitaka kutoa kisanduku cha katikati, ufanye nini? Mwanafunzi mwenye haraka hukikata na kukitupa. Papo hapo vyote vilivyokuwa mbele yake vinapotea, kwa maana hakuna tena mshale unaovielekea. Vipo, lakini hakuna anayejua vilipo. Njia sahihi ni kuchora kwanza mshale mpya kutoka cha nyuma kwenda cha mbele, ndipo ukiachie cha katikati. Karibu kila mwaka wengi walikata kwanza. Karibu kila mwaka aliyatupa makosa hayo ukutani, moja baada ya jingine, akisema kwa sauti yake ya uchovu, "Unganisha, halafu uachie. Hatuna haraka, jamani."

Maradhi yalimwanza kwa siri, na yeye akayatunza kwa siri. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka, na mwandiko wake, uliokuwa mkubwa na wa duara, ukaanza kusinyaa na kwenda kombo. Alilaumu vifaa. "Fundi, kalamu hii imechoka," alisema, na fundi akaleta nyingine. Baada ya wiki hiyo nayo ikawa imechoka. Fundi akakuna kichwa: "Mama, kalamu za siku hizi zinachoka upesi kuliko sisi." Alishika kikombe kwa mikono miwili, akatia sahihi akiwa amesimama, akawaachia wanafunzi waandike zaidi ili yeye aandike kidogo. Kilichomtia hofu kilikuwa kimoja. Alijua idara ikigundua itamwondoa darasani, slaidi zake zitajazwa majibu na kuchapwa, na mtu mwingine atasimama kuzisoma ukutani toka juu hadi chini. Kazi yake yote ingerudi kuwa ile alasiri ya joto.

Ilijulikana mwezi wa Machi 2017, kwa kosa ambalo lingeweza kumpata mwalimu wa aina yake tu. Alikuwa na desturi ya kubeba vishikwambi viwili: kimoja cha mwalimu, na kingine cha mwanafunzi, ili aone wanafunzi wanachokiona. Siku hiyo, somo likiwa lile la mnyororo, wakati darasa linachora, na yeye akachora kwenye kile cha mwanafunzi, kwa mazoea tu, akakiweka mezani. Majibu yakaja. Akayapitia, akaona mengi yamekata kwanza, akaona moja lenye mishale sahihi, akalitupa ukutani.

"Haya. Mwenzenu huyu amefikiri nini?"

Mchoro ulijaa ukuta. Mistari ilitikisika kama waya kwenye upepo, na visanduku vilikuwa vidogo, vimejikunyata pembeni. Binti mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma akasema, "Mwalimu, huyu amechora akiwa juu ya pikipiki. Na barabara ni mbovu."

Ukumbi ulicheka, na Bi Jaza akacheka nao. "Pikipiki au si pikipiki, amefika," alisema. "Ameunganisha, ndipo akaachia. Ni nani huyu, kama anapenda kujitaja?"

Hakuna aliyeinua mkono. Alisubiri, maana kusubiri ndiko alikojaliwa. Akageuka kuutazama tena mchoro, na macho yake yakateremka mezani, kwenye kile kishikwambi cha pili. Kiooni palikuwa na mchoro uleule, na chini yake neno: "Umetumwa." Hakuwa ameutambua mwandiko wake mwenyewe.

Kisha akainua mkono wa kulia, ule ule, wala hakuuzuia kwa wa kushoto, akauacha utetemeke mbele ya watu wote.

"Ni mimi," alisema.

Binti wa nyuma alisimama akataka kuomba radhi, machozi yanamlengalenga. Bi Jaza akamwambia, "Kaa, mwanangu. Nimeuliza umeona nini, ukasema ulichokiona. Watu wengine wameona muda mrefu wakanyamaza." Hapo alimtazama fundi, aliyekuwa mlangoni na kitoroli chake, na fundi akatazama gurudumu. Kisha akasema, "Haya, slaidi inayofuata," na kipindi kikaendelea hadi mwisho wake. Tangu siku hiyo yule binti aliitwa Pikipiki, na kwa jina hilo tutamtaja.

Jioni alimweleza mumewe jikoni. Alijiandaa kwa maneno mengi. Mumewe alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Najua. Unadhani ni kwa nini chai yako siku hizi inakuja nusu kikombe?" Marehemu alikuwa hajaliona hilo. Alicheka, kisha akalia, kisha akasema yu hoi, na mume akamwambia aache kazi. "Umefanya ya kutosha, mama watoto. Hebu rudi nyumbani tuchoke pamoja."

"Nikiacha sasa, nitakuwa nimekata kwanza," alisema.

Mzee alikuwa amesikia somo hilo miaka yote. Alikubali kwa shingo upande, na kesho yake akampeleka hospitali. Daktari alithibitisha ni ugonjwa wa neva, ule unaodhoofisha mwili polepole na ambao dawa huupunguza bila kuuondoa. Alieleza mengi, lakini moja ndilo mzee alilolishika: mtetemeko hutulia mgonjwa anapolala usingizi.

Mkuu wa idara, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na yupo hapa leo. Alikuwa na ukumbi uliojaa na mhadhiri mmoja mgonjwa.

"Mwalimu, nakuomba. Utupe slaidi zako zikiwa kamili, mtu yeyote aweze kufundishia. Hizi ulizonitumia zina visanduku vitupu. Majibu yako wapi?"

"Yako darasani, Mkuu."

"Mwalimu, nazungumza kwa dhati."

"Na mimi sina nguvu za utani siku hizi. Nipe muda nimpate mtu. Akipatikana, nitaondoka mwenyewe, hutaniandikia barua."

Walikubaliana. Likaanza tatizo la kumpata mtu huyo. Alijaribiwa mhadhiri mmoja kijana, msomi mzuri, mwenye tai. Alisema "Jazeni", ukumbi ukawa kimya, na kabla watu hawajashika kalamu vizuri akaanza kujaza mwenyewe, jasho likimtoka. Baada ya kipindi alisema, "Samahani, Mama, kile kimya kilinitisha." Marehemu alimwambia haidhuru, hata yeye mwenyewe kilimtisha miaka kadhaa. Wa pili alijaza kabla hata ya kusema jazeni. Marehemu aliendelea mwenyewe, muhula baada ya muhula, akiongea kwa sauti iliyozidi kupungua na kuchora mishale iliyozidi kusinyaa, na wanafunzi walizoea kuikuza kwenye vioo vyao bila kusema kitu. Kulikuwa na siku ambazo fundi alimsukuma kwenye kitoroli pamoja na vishikwambi. "Mama, wewe umetumika kuliko hivi vyote, hata plastiki kwenye kioo huna," alimwambia, na mlio wa gurudumu ulifikisha kicheko chao hadi ghorofa ya juu.

Mwaka 2019 Pikipiki alirudi, amemaliza shahada yake ya kwanza, akiwa mkufunzi msaidizi. Bi Jaza alimpa kipindi bila kumwelekeza lolote. Pikipiki alisema "Jazeni", akaweka mikono nyuma, akasubiri. Kimya kikaja kikakaa. Mtu akakohoa. Pikipiki akatazama dari. Bi Jaza, aliyekaa pembeni mstari wa mbele, alifumba macho, na wanafunzi waliokuwa karibu walidhani amesinzia. Baadaye alisema ilikuwa mara ya kwanza kupumzika ndani ya ukumbi ule. Walifundisha pamoja kwa miaka miwili, na korona ilipofunga vyuo walifundisha kwa simu, kila mtu kwao, wanafunzi wakituma picha za michoro yao ya karatasi. Hakuwahi kumtangaza kama mrithi. Alianza tu kujibu maswali kwa kusema, "Muulize mwenzangu," na kabla mtu hajatambua, wanafunzi walikuwa wakimwendea Pikipiki moja kwa moja. Mwezi wa Mei 2021, alipofikisha umri wa kustaafu, aliweka kalamu yake kwenye kitoroli pamoja na zile nyingine. Muhula uliofuata somo liliendelea kwa saa ileile na slaidi zilezile, tupu kama zilivyokuwa.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu, na familia haitaificha. Alichoka mwilini, akachoka kuchoka. Binti yake alihamia nyumbani kumuuguza. Mwanawe aliweka vishikio vya chuma kila ukuta, akisema nyumba sasa imekuwa lifti. Pikipiki alifika kila muhula na kishikwambi, akaketi naye kitandani na kumwonyesha majibu ya darasa kuhusu mnyororo. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili mwaka huu. Sauti ya marehemu ilikuwa imefifia hadi ilibidi kumsogelea.

"Wamekata kwanza?"

"Wengi, Mama."

"Vizuri," alisema. "Basi kazi bado unayo."

Akaomba aonyeshwe tena lile lililokosea vizuri zaidi, akalitazama kwa muda, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Mwishoni mwa Mei alishikwa na nimonia. Alilazwa, akapata nafuu kidogo, akaomba kurudishwa nyumbani. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, mume wake alikuwa ameketi kando ya kitanda kama ilivyokuwa desturi yake. Kwa miaka hiyo yote alikuwa amejifunza kuutazama mkono wa kulia juu ya shuka: ukitetemeka, alijua mkewe yu macho na huenda anahitaji maji, ukitulia, alijua amelala. Asubuhi hiyo aliuona umetulia. Akamwonea huruma, akafunga pazia jua lisimsumbue, akamwacha alale. Alikaa pale kimya, akisubiri, hadi binti yao alipoingia na dawa, akamshika mama yake kifundo cha mkono, akamgeukia baba.

Marehemu ameacha mume. Binti na mwana. Wajukuu watatu, ambao aliwafundisha kukosea bila woga. Kaka yake mkubwa, ambaye hadi leo anadai daftari lake lilikuwa zuri. Wadogo zake watatu, akiwemo yule wa mwisho aliyerudi safarini jana asubuhi. Wifi na mashemeji. Pikipiki, ambaye kipindi chake ni kesho na ambaye amekatazwa na familia kukiahirisha. Na wanafunzi ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu, kwa kuwa hawakutakiwa kuandika majina.

Aliagiza tusimjazie sifa kila mahali. Kwa hiyo ukurasa unaofuata wa kijitabu hiki tumeuacha na kisanduku kitupu. Mwenye neno ajaze, bila jina. Kalamu ziko kwa fundi, pale langoni, na ametuhakikishia kwamba hakuna iliyochoka.

Yeye alichoka. Aliunganisha, ndipo akaachia. Apumzike kwa amani. Mkono wake umetulia.